Asubuhi Zisizo na Upepo

Huai Lin,
tarehe 14, mwezi wa tisa

Dada yangu Buakham,

Kwanza nawainamia, mikono nimeiunganisha kifuani, wewe na shemeji Wichan, kisha nambusu kwa kumnusa mashavu mpwa wangu Tonkla. Kifua chake kinaendeleaje? Bado kinapiga filimbi akilala? Sisi huku tunapumua. Mama goti linamsumbua mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina adabu, ila mpunga umekubali na mto haujatuingilia.

Barua yako niliipata, nimeisoma mara tano. Umesema daktari wa huko Bangkok amewashauri mumtoe mtoto kwenye moshi wa magari, shemeji ameshaaga kazini, na mwezi wa kumi na moja mnarudi nyumbani moja kwa moja. Mama nilipomsomea alicheka mpaka akatokwa na machozi. Kesho yake alianza kumshonea mjukuu godoro la sufi, na kila anayepita njiani anaitwa alione. Hata muuza tambi aliitwa, masikini, tambi zikamlowea.

Sasa habari za kiwanda. Kile cha saruji nilichokutajia mwaka jana kimepata kibali. Kinajengwa pale chini, kwenye mashamba ya karibu na mto, na dohani ya kwanza itawashwa kabla ya mwaka mpya. Machimbo ya mawe yameshaanza. Nguo tukizianika asubuhi, mchana tunazikung'uta vumbi.

Kabla ya kibali waliita mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mzee Paeng, yule fundi wa ngoma aliyekufundisha kuogelea, alisimama akasema hana shida na kiwanda, ana shida na mahali. Akawaambia waje miezi ya baridi wajionee: mtu akiinjika wali wa kunata alfajiri, moshi unapanda mpaka kimo cha mpopoo, kisha unalala juu ya mapaa kama mkeka, hauendi popote mpaka jua lipite saa tatu. Baridi inashuka toka milimani inakaa chini, joto linabaki juu, na bonde linakuwa sufuria iliyofunikwa. Akauliza, kama moshi wa majiko yetu hautoki, wa dohani utatokaje?

Injinia Preecha, mtu wa kiwanda, alimjibu kwa heshima zote. Alisema angekuwa na wasiwasi huohuo, na kama upepo wa asubuhi ungekuwa unasimama kweli wangejenga ng'ambo ya mlima, hata kama ni ghali. Lakini upepo ulipimwa kila siku kwa miezi mitano, na hata baridi kali hausimami, unapitia pengo la kusini na kwenda zake. Akafungua karatasi kubwa yenye mistari. Kisha akaninyooshea kidole, akawaambia wasimtazame yeye mgeni, wamtazame kijana wao mwenyewe aliyepima.

Watu wakanipigia makofi, dada. Mzee Paeng akaketi. Jioni alikuja nyumbani na kuku mzima, akaniomba radhi kwa kunitilia shaka mbele za watu, akajiita mzee mpayukaji. Mama akampika kuku yule, nami nikamla.

Sasa nisikilize, na shemeji asikilize.

Kazi waliyonipa ilikuwa kwenda kila alfajiri kwenye mlingoti waliousimamisha shambani, kutazama vile vikombe vinavyozungushwa na upepo, na kuandika namba daftarini. Sikukosa hata siku moja, naapa kwa maziwa ya Mama. Ilipoingia baridi, vikombe vikasimama. Nikaandika sufuri. Kesho yake sufuri, na keshokutwa. Ukurasa mzima sufuri. Injinia alipokuja kuchukua daftari tulikuwa kwa muuza tambi, watu wamejaa. Akauinua ule ukurasa juu, akaniuliza kwa kicheko je, huu ndio upepo wa Huai Lin au ndio blanketi langu? Eti napima nikiwa kitandani? Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Alikuwa anatania tu, nadhani, lakini niliona aibu iliyonishika mpaka masikioni. Niliona kama nimemtengea mgeni bakuli tupu.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakwenda, nasimama kwenye baridi ile, natazama vikombe havitikisiki, naandika mbili. Siku nyingine tatu. Ukurasa ukapendeza, injinia akanisifu kwamba nimechangamka. Hakuna aliyenihonga, hakuna aliyeniagiza. Sikujua kwamba zile sufuri ndizo walizokuwa wanazitafuta, kwamba zingekihamisha kiwanda. Nilijua siku ya mkutano, aliposema habari ya ng'ambo ya mlima, na hata hapo ningeweza kusimama, lakini makofi yalikuwa yanapigwa, nikayapokea.

Wiki iliyopita, baada ya barua yako, nilikwenda ofisi ya wilaya nikaeleza yote. Yule ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chai. Kisha akaniuliza amwamini yupi, Inson aliyeandika daftari au Inson aliyekaa mbele yake, maana mmoja wao ni mwongo na yeye hana namna ya kuwatofautisha. Akasema mihuri imeshapigwa, nirudi nyumbani nikapumzike.

Dada, usimlete Tonkla. Shemeji arudi kazini akawapigie magoti, au mtafute kwingine, pwani, popote, lakini si hapa. Huko kwenye magari angalau upepo unapita. Hapa dohani ikiwashwa mwezi wa baridi, yule mtoto hatamaliza msimu, na nitakuwa nimemuua mimi kwa kalamu. Nichukie ukitaka, ila usimlete.

Mzee Paeng nitamwendea kesho. Mama sijamwambia, nimeshindwa. Anawasalimu sana. Hivi sasa amenikatiza, kasimama mlangoni na sindano mkononi, ananiuliza kama Tonkla atapenda godoro lake liwekwe upande wa dirishani, apate hewa. Nimemjibu ndiyo.

Mdogo wako,
Inson