Cherehani Ndani ya Wimbo

Dada yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali funga mlango. Haya nikuandikiayo yabaki kati yangu na wewe. Hata shemeji usimsomee, maana kicheko chake hakina pazia. Baada ya kukusihi hivyo, natumaini u mzima na wanao hawajambo. Sisi hapa miili ni mizima, ila roho yangu inatetemeka. Unanijua: mkubwa wa kazi akiniita, kalamu huanguka kabla sijainuka.

Baba bado anashona pale pale kibandani. Macho yamepungua, kwa hiyo mimi ndiye ninayemtungia uzi kila asubuhi. Lakini tangu mama atutoke, miaka minne sasa, hajaimba hata mstari mmoja. Unazikumbuka zile nyimbo zake za filamu za Kihindi: yeye akikanyaga cherehani, mama akimshikia pindo, na mapenzi yote aliyoona haya kuyasema kwa lugha yetu akiyasema kwa lugha asiyoijua.

Huku redioni, ambako huu ni mwaka wangu wa pili nikipanga kadi za salamu za wasikilizaji, tumepata mkurugenzi mpya. Aliamua kuwa saa ya nyimbo za zamani za Kihindi ifutwe. Alisema ni vilio vya wazee, tena hakuna anayeelewa hata neno. Barua ya kuifuta niliichapa mimi mwenyewe, wala sikukosea nukta. Kadi zaidi ya mia mbili za kuomba nyimbo hizo zilikuwa mezani pangu, nami nikanyamaza kama maji ya mtungini.

Ijumaa alasiri ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Katikati ya kipindi, badala ya wimbo uliotangazwa, ikasikika sauti ya mwanamume peke yake, bila ala yoyote, ila cherehani chini yake ikienda na kusimama, ikienda na kusimama. Simu zikaanza kulia kabla hajamaliza. Dereva wa lori alisema ameegesha pembeni kwa kuwa haioni barabara. Mzee mmoja aliuliza mwimbaji ni nani, maana mkewe, ambaye hawajasemezana tangu Jumatatu, ndiyo kwanza amemletea chai. Mama mwenye duka la vitambaa, ambaye Kihindi ndiyo lugha ya kwao, alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye kadi: “Matamshi kayavuruga karibu yote, mwanangu. Lakini pa kulia kapapata.”

Mkurugenzi hakulia. Alibandika tangazo kwamba aliyeicheza kaseti hiyo ajitokeze kufikia kesho, Jumatatu, la sivyo fundi mitambo atafukuzwa, kwa kuwa chumba kile ni dhamana yake. Fundi mwenyewe ana mapacha wachanga, na kosa lake ni kwenda kunywa maji. Wenzetu wameshaanza kumwita marehemu.

Dada, ni mimi. Kaseti niliitoa sandukuni mwa mama, ile aliyomrekodi baba kwa siri akaificha chini ya nguo zake. Fundi alipotoka niliingia, nikaiweka kwa mikono hii hii inayomwaga chai. Maishani mwangu sijawahi kufanya jambo lisilo na kibali, na nikuambie kweli, nilijiona mrefu. Barua ya kukiri iko tayari, nimeitia sahihi. Kesho saa mbili nitaiweka mbele ya mkurugenzi pamoja na zile kadi zote, ya mama wa vitambaa ikiwa juu.

Nilimwogopa baba kuliko mkurugenzi. Redio ya kinyozi jirani yake ilikuwa imewashwa, kwa hiyo alijisikia akiimba. Nilimkuta ameshika nguo ya mteja bila kuishona. Aliniuliza nani kanifundisha kudokoa vitu vya mama. Kisha akaikunja ile nguo, akasema, “Ubeti wa pili niliukimbiza. Mama yako angeniambia.”

Jana asubuhi, nilipokuwa namtungia uzi, aliurudia ubeti ule. Polepole.

Wabusu watoto, na shemeji msalimie bila kumwambia kitu. Namba ya ofisini usiipige tena, huenda nisiwepo. Piga ya kibandani, mchana. Ikiita sana usikate. Akiimba hasikii simu, subiri amalize.

Ni mimi mdogo wako,
binti wa fundi cherehani.