Beji Tano, na Moja Tu Ndiyo ya Babu

Shangazi Bimkubwa, shikamoo. Nishike mkono shangazi yangu, maana nimejikwaa na sijui nianguke upande gani.

Mimi ni mfanyabiashara kutoka Tanga, niko huku Guangzhou nanunua vifungo, zipu na beji za shule kwa ajili ya maduka ya nyumbani, na gazeti lenu hunifikia likiwa limekunjwa kwenye mizigo ya wenzangu. Nimelelewa na babu yangu, mzee Nassor, tangu mama alipofariki, ndiye aliyekuwa akinisuka nywele vibaya vibaya mpaka majirani wanacheka, na kitu pekee alichoachiwa na baba yake, aliyekuwa askari wa Mjerumani katika vita vya kwanza, ni beji ya shaba yenye taji lililolika na panga mbili, na maandishi nyuma, ambayo kila sikukuu huibandika kwenye koti juu ya kanzu. Pini yake ya nyuma ilikatika, akanipa akasema, "Mjukuu wangu, huko Uchina hawashindwi na kitu. Nitengenezee pini tu, kingine usiguse."

Basi shangazi, nikaipeleka kwa laobani, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, mama mmoja wa mtaa wa Yide anayenitengenezea beji za shule, nikamwonyesha pini, nikamwambia kwa Kichina changu cha kuokoteza kwamba ni ya babu, akasema, "Mei wenti," yaani hakuna shida, nami nikaondoka zangu, nikasahau kwamba miaka yote hii kila nilichomwachia mezani kilikuwa sampuli, na huku ukiacha sampuli unatolewa nakala. Niliporudi akanifungulia kitambaa anacheka kwa furaha, beji tano, zote zina pini mpya, zote zimechovywa dawa moja zikapata weusi mmoja wa kizamani, eti tugawane wajukuu! Nikamuuliza ya babu ni ipi, akazigeuza, akazichanganya, akasema, "Zote sawa, rafiki, zote nzuri!" Sikuwa na moyo wa kumgombeza.

Sasa babu ana mtoto wa jicho, siku hizi anaona mwanga tu. Ilham, ninayekaa naye chumba kimoja, ananiambia, "We Nahla, mbona unajitesa? Mzee mwenyewe haoni. Mpe yoyote, zilizobaki tupa." Na kwa kweli nilikaribia kukubali, lakini kila nikipiga simu kwa jirani, babu huja kunisikiliza na huuliza kama beji yake imepona, nami namwambia bado iko kwa fundi, na kwa aibu hiyo nimeshaahirisha safari mara mbili. Nikisema ukweli naogopa kumvunja moyo, nikinyamaza naogopa nitambandikia kifuani kitu kilichotengenezwa juzi na yeye akidhani ni baba yake. Naomba unielekeze.

Nahla, Guangzhou

*

Nahla mwanangu, marahaba. Futa machozi, hujaua mtu. Lakini masikio yako yalikuwa wapi? Uliambiwa pini tu, wewe ukaacha urithi wa watu mezani kama unaacha kifungo cha shati! Na huyo mama wa Kichina usimlaumu. Kafanya kazi uliyomzoesha mwenyewe, tena kwa upendo.

Bahati yako, umemwandikia binti wa sonara wa Ngamiani. Nakala ikimiminwa kwenye kalibu lililotokana na kitu chenyewe, shaba ikipoa hunywea, kwa hiyo mtoto hutoka mdogo kuliko mama, kwa upana wa unywele hivi. Nunua mche wa sabuni laini. Gandamiza kila beji, itoe taratibu, halafu jaribisha kila moja kwenye alama za wenzake. Ile isiyokubali kuingia kwenye alama za wenzake hata uibembeleze, hiyo ndiyo. Kisha tazama maandishi ya nyuma kwa kioo cha kukuzia. Beji ya zamani ilipigwa kwa muhuri wa chuma, herufi zake zina kingo kali. Herufi za nakala huwa zimelegea, na mara nyingi utaona vitundu vidogo kama vya mkate wa kumimina. Weusi usiuangalie, dawa ile haikubagua. Wala usihangaike na taji lililolika, maana hata kulika kumenakiliwa.

Huyo Ilham msalimie, umwambie asiyeona si asiyejua. Babu yako akipokea kitu kutoka mkononi mwako hakikagui, kwa sababu ni wewe. Ukimdanganya hapo umemdanganya mahali asipo na kinga.

Kwa hiyo hata sabuni ikishasema, usizifiche zile nne. Nenda nazo zote, mweleze kisa chote, na umwekee tano kiganjani. Vidole vyake vimeishika beji hiyo tangu utoto wake. Vikichagua ile ile ya sabuni, mshukuru Mungu. Vikichagua nyingine, mwambie, "Babu, sabuni imesema hii, mkono wako umesema hiyo," halafu unyamaze, yeye ndiye mwenye mali. Atakasirika? Pengine atakununia mpaka sahani zitolewe. Vumilia. Mwanamume aliyejifunza kusuka nywele kwa ajili yako hatashindwa kukusamehe.

Sasa nina ugomvi mwingine na wewe. Barua yote hii ni beji, beji, beji, na macho ya mzee umeyapa mstari mmoja! Mtoto wa jicho hupasuliwa, mwanangu, na wengi huona tena. Ulishamuuliza daktari yeyote? Unahangaika nini cha kumpa mtu asiyeona, na hujauliza kama anaweza kuona.

Kata tiketi wiki hii. Ukifika, maliza habari ya beji siku hiyo hiyo, na kesho yake mshike mkono umpeleke kwa daktari wa macho. Siku atakapofunguliwa bandeji, beji iache mfukoni. Kaa mbele yake, akutazame wewe kwanza.