Maji ya Chumba cha Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama, na kile kikohozi cha yule mdogo kimemwacha. Mwambie wifi gauni lake liko tayari, nimepunguza mabega kama alivyotaka. Habari za huku ni nzuri. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu hata paa likiwa linawaka, kwa hiyo najibu hivyo kwanza, kisha nitakueleza zilivyo.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimejaribu. Kwenye simu wewe ndiye unayezungumza, mimi naitikia ndiyo kaka, sawa kaka, na nikipata upenyo wa kusema langu unaniambia unaingia kikaoni. Karatasi hainikatizi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, na uisome ukiwa peke yako.

Mama anaendelea vizuri kiasi. Bado yuko kwa dada, kwenye kile chumba cha uani. Anatembea kwa kushikilia meza na viti, na daktari anasema nyonga imeanza kuunga, ila asitegemee mwendo wake wa zamani. Shemeji, mume wa dada, anamheshimu, sina la kumlaumu. Lakini Mama mwenyewe anasema anajiona kama mgeni ambaye wenyeji wameshaanza kumhesabia siku. Kila nikienda ananiuliza kuku wake wanataga wapi, na nani analala kwenye kitanda chake. Namwambia hakuna. Chumba chake nilikifunga siku ile mliyompeleka kwa dada.

Sasa nikupe habari ya kiyoyozi.

Siwezi kusema hukufanya jema ulipomnunulia. Presha ya Mama ilikuwa inapanda kila joto likizidi, na wewe hukungoja kuombwa. Siku kilipofungwa majirani walijaa mlangoni, Mama akawa anawavuta mikono waingie ndani waonje baridi ya mwanawe. Hakuwahi kukiita kiyoyozi. Alikiita "baridi ya mwanangu", na hata mtu akija kuazima chumvi alipelekwa kwanza chumbani akasimamishwe chini yake. Kilifanya kazi bila neno hadi ulipokuja likizo.

Mama alikupisha chumba akaja kubanana nami kitanda kimoja. Asubuhi ya kwanza ulitoka macho mekundu, ukalalamika kwamba yale maji yanayodondoka nje ya dirisha, juu ya bati la banda la kuku, yamekutesa mpaka kukakucha, ta, ta, ta, kama mtu anabisha hodi na hafunguliwi. Asubuhi iliyofuata ulitoka umenyooka, ukasema umelala kama gogo. Tulifurahi. Hakuna aliyeuliza bati limenyamazaje.

Ulipoondoka ndipo maji yakaanza kushuka ndani. Kwanza lilikuwa doa chini ya mashine, nikadhani ni jasho la ukuta. Kisha rangi ikavimba kama lengelenge, ikapasuka, maji yakawa yanateremka hadi sakafuni. Niliweka ndoo. Nilipanga matambara kuanzia ukutani hadi miguuni pa kitanda, mabaki yote ya vitambaa vya wateja wangu yakaishia pale. Nikakupigia, ukasema sisafishi chujio. Nikasafisha. Nikakupigia tena, ukasema naweka baridi kali kupita kiasi kana kwamba nahifadhi samaki. Nikapunguza. Nikamwita fundi yule yule aliyekifunga. Akaongeza gesi, akapangusa mashine kwa kitambaa, akasema sasa iko safi, akaondoka bila hata kuzunguka nje ya nyumba. Jioni hiyo hiyo nilikuwa nimepiga magoti nakamua tambara.

Nilikuomba nikizime. Maneno yako ninayo bado. Ulisema hukununua pambo la ukutani, na kwamba Mama akizidiwa na joto, mimi ndiye nitakayejibu. Basi nikakiacha kiwake. Nikawa nashona upindo mmoja, nakwenda kukausha sakafu, narudi kushona mwingine.

Alfajiri aliyoanguka nilikuwa jikoni namchemshia maji ya kuoga. Nilisikia kishindo, nikakimbilia chumbani. Nilimkuta amelala ubavu juu ya maji, stuli imepinduka pembeni yake. Hakulia, kaka. Aliniambia nimfunike miguu kwanza ndipo niite majirani. Sote tuliamini alikuwa anakwenda msalani.

Kikao cha sebuleni kwa dada wewe ndiye uliyekiita, kwa hiyo sitakusimulia chote. Nitakukumbusha tu ulichosema mbele ya shangazi, mjomba, dada na mumewe. Ulisema naishi na Mama kama mpangaji. Ulisema naijali cherehani kuliko mzazi, na kwamba mtoto anayeshindwa kupangusa sakafu hafai kuachiwa mtu mzima. Nilingoja mmoja wao aseme neno. Shangazi alitikisa kichwa, kukukubalia wewe. Dada alichezea pindo la nguo yake. Nikamtazama Mama kwenye godoro alilotandikiwa pale sebuleni, nikamwona macho yako wazi, anaangalia dari. Nikajiambia ni dawa za maumivu.

Tangu siku ile shangazi ananiita "aliyemwangusha mama yake". Anasema huku anacheka, lakini anasema mbele za watu. Mteja wangu wa miaka mingi alikuja kupimwa, akanipa pole, kisha akaniuliza ilikuwaje hasa, kwa sauti ile anayoulizwa nayo mwizi alikuwa wapi. Nilimpima kiuno nikakosea. Gauni lilimbana, hajarudi tena.

Wiki iliyopita Mama aliniambia kwamba anataka kurudi kwake. Nikaamua kiyoyozi kitengenezwe au king'olewe kabisa. Nikamwita fundi mwingine, mtu mnene mwenye maneno mengi, wateja wake wanamwita Fundi Baridi. Alifungua mashine, akachungulia kwa tochi, akaanza kucheka.

"Dada, hii haina ugonjwa wowote," aliniambia. "Imezibwa choo tu."

Alinieleza kwamba mashine ikipoza hewa huikamua unyevu wake, ule unyevu unageuka maji, yanadondokea kwenye trei iliyomo ndani, kisha yanatoka nje kwa bomba jembamba. Bomba likiziba, trei inajaa na kumwagikia ukutani. Alinionyesha trei: ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji yamesinzia humo meusi. Akakagua mteremko wa bomba, akasema uko sawa. Akapuliza hadi mashavu yakataka kupasuka, hewa ikakataa kupita. Tukatoka nje, nikamshikia ngazi. Kwenye mdomo wa bomba, pale linapojikunja nyuma ya mbao ya dirisha, aliingiza kidole, akavuta, na maji yakamrukia kifuani akatukana, halafu akaniomba radhi.

Mkononi alikuwa na kipande cha nailoni kilichoviringishwa ndani ya kitambaa cha mistari na kufungwa kwa uzi, mizunguko mingi, kwa ustadi. Kitambaa kilitoka kwenye kapu langu la mabaki. Shangazi angekiona angesema, mnaona?

"Uchafu haujui kufunga fundo," Fundi Baridi alisema. "Nani hapa nyumbani hapendi kelele?"

Nilicheka naye. Kisha nikaacha kucheka.

Alisukutua bomba kwa maji ya moto na siki, akawasha mashine, na baada ya muda bati likaanza kupiga. Nilimpa chai akanywa akiwa amelowa, akaenda zake. Mimi nikaenda kwa dada.

Nilimkuta Mama peke yake, nikaanza kumkanda miguu kama kawaida, nikamweleza alichokitoa fundi. Sikumwambia nimemfikiria nani. Hakuniuliza kitambaa gani wala bomba gani. Aliivuta miguu yake taratibu kutoka mikononi mwangu.

"Mama, ulijua?"

"Nilimwona kwa dirisha la jikoni, amepanda stuli," alisema. "Alikuwa amechoka, mwanangu. Zile kelele zilimnyima usingizi."

Hebu soma na hili, kaka. Maji yalipoanza kushuka ukutani, Mama alianza kushuku. Alingoja ukumbuke mwenyewe, hukukumbuka. Alfajiri ile hakuwa anakwenda msalani. Alikuwa amebeba stuli anatoka nje akakivute kile kitambaa kimya kimya, kabla sijakiona mimi tukagombana mimi na wewe. Aliteleza kabla hajafika mlangoni.

Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza siku ya kikao, ananiona navuliwa nguo mbele ya ukoo mzima. Alinishika mkono, akaupapasa kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na homa.

"Wewe ukikasirika, jioni utakuwa umerudi," alisema. "Yeye akikasirika hatapiga simu tena."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikata maini. Alisema kama mtu anayenisifu. Miaka yote hii nimemwogesha, nimemsuka, nimejifunza kujua maumivu yake kwa namna anavyoshika kikombe, na kumbe hesabu yake ilikuwa hiyo: kilichopo hakina haja ya kulindwa. Wewe simu yako ya Jumapili inalindwa kwa nyonga yake na kwa jina langu.

Aliniapisha nisikwambie. Niliapa, kwa sababu alikuwa anatetemeka. Sasa nimekwambia, na dhambi hiyo ni yangu. Ila nakuomba, usimpigie kumuuliza. Piga ile simu yako ya kawaida, muulize amekula nini, mwache awatangazie watu kwamba umempigia.

Kama ulisahau ulichokifanya, au ulikumbuka katikati ya kikao ukaona ni afadhali uendelee kusema, mimi sijui. Nimejaribu kukitafuta kile kikao kichwani mwangu nione uso wako ulivyokuwa. Wewe ulipokuwa unasema nilikuwa nimeinamisha kichwa, sikuuona. Huo ukweli uko kwako.

Lililobaki ni hili. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, mji mwingine, mbali kiasi kwamba mtu hawezi kwenda na kurudi. Naondoka Jumatatu asubuhi. Chumba cha Mama kimekauka, ukuta nimeupiga plasta na kuupaka rangi, kiyoyozi kinatoa maji nje kama inavyotakiwa. Funguo nimemwachia jirani mwenye duka. Dada amesema waziwazi hawezi kukaa na Mama zaidi ya mwezi huu, kwa hiyo mpange, wewe na wifi, nani atakuwa naye. Vidonge vya presha anavificha chini ya mto anapojisikia nafuu, vihesabuni. Maji ya kuoga yasiwe moto sana. Akisema haumwi, mwangalieni mkono ulioshika kikombe.

Kwa shangazi sikuombi kitu. Namba yake unayo.

Mama bado sijamuaga. Nilitaka, nikafika hadi mlangoni kwa dada, nikamsikia anamwambia mjukuu wake asogeze kiti maana mama yake mdogo yuko njiani. Niliingia, nikamkanda miguu, nikaaga kama siku zote. Anajua Jumatatu jioni nitakuwepo. Kiti changu kitakuwa kimesogezwa. Akianza kuuliza mbona nachelewa, utamjibu wewe.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Wifi mwambie gauni liko juu ya cherehani, limekunjwa, mtakapokuja mtalikuta. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba.