Macho Yenye Njaa

Lupaso, Masasi
4 Oktoba 1953

Mpendwa Kaka Cuthbert,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii ikukute huko Tabora ukiwa mzima, wifi Ethel naye mzima, na kazi ya reli isiwe imekuchosha kupita kiasi. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, lakini kanisani hufika, na akifika huimba kuwashinda vijana. Shemeji yako Baba Petro na watoto wanakuamkia. Mikorosho imeanza kuangusha, na asubuhi shamba zima linanuka mabibo, utamu mtupu, hata mtu akisimama kidogo husahau alikuwa anakwenda wapi.

Nina habari za mdogo wetu Getrude. Nilitaka uzisikie kwangu, tangu mwanzo wake.

Mwezi wa saba nilipanda lori kwenda Newala kumtazama, maana alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imeshakuwa kubwa. Unaijua Newala ya majira yale: ukungu unalala juu ya mapaa mpaka jua lipande, na sauti za watu zinakufikia kabla ya watu wenyewe. Nilifika jioni. Getrude akatoka mlangoni akicheka, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, dada. Karibu, karibu ndani."

Kaka, hakuwa ananisalimia mimi. Aliisalimia kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Mimi nilikuwa nimesimama kando, karibu na kinu.

Nilidhani ni mzaha. Nilipoitikia marahaba akashtuka, akageuka kuifuata sauti yangu, na yale macho yake makubwa aliyorithi kwa mama yakapita juu yangu kana kwamba yanatazama ng'ambo ya mto. Wakati wa kula aliweka bakuli la mchuzi nusu kwenye mkeka, nusu hewani, likamwagika. Mumewe Silvesta akasema, "Mimba imemchosha," akafuta mwenyewe, kwa upole. Unajua shemeji alivyo mpole.

Nikamvuta mdogo wangu chumbani nikamwuliza tangu lini.

"Tangu mvua zilipokwisha, dada," akasema. "Mchana naona vizuri, hata uzi natunga kwenye sindano. Jua likizama tu, dunia inajaa moshi. Usimwambie Silvesta. Atasema ameoa kipofu."

Halafu akanisimulia jambo ambalo hata sasa hunijia nikiwa napepeta. Alikuwa amekwenda bondeni kuteka maji na wanawake wenzake, wakachelewa, jioni ikamkuta katikati ya mteremko. Wenzake walikuwa mbele wanaimba, na kila hatua nyimbo zao zilizidi kwenda mbali. Yeye hakuiona njia wala ukingo wake. Akakaa chini, akashika mizizi ya mti, akangoja mpaka aliposikia jina lake likiitwa kutoka juu.

"Na mtungi?" nikamwuliza.

"Uliniponyoka. Niliusikia ukishuka, dada. Ulishuka kwa muda mrefu."

Sikupata usingizi. Asubuhi nilimbembeleza, akalia, mwisho akakubali tumwambie mumewe. Silvesta aliposikia akasimama papo hapo. Alifunika cherehani yake pale barazani dukani, akaenda kutafuta lori la kutupeleka hospitali ya misheni.

Huko tulimkuta mwuguzi mmoja anayeitwa Mama Danieli, mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini. Alimtazama Getrude macho, kisha akaanza kumwuliza habari za chakula, nasi tukashangaa.

"Mwanangu, tangu ushike mimba unakula nini?"

"Chai na mkate wa dukani. Wali mweupe. Siku nyingine ugali na chumvi."

"Na mboga za majani?"

"Harufu yake inanichefua. Kisamvu kikichemka tu, natapika."

"Maini? Papai? Boga?"

Getrude akatikisa kichwa. Mama Danieli akamshika mkono. "Macho yako hayana ubaya. Yana njaa. Mtoto anachukua chake kwanza, nawe hujayawekea akiba."

Silvesta akainamisha kichwa. Mkate ule alikuwa anaununua yeye, kila alipopata kidogo, kwa kuwa mkewe hakuweza kula kingine. "Nilidhani namtunza," akasema. Mama Danieli akamjibu kwamba kweli alikuwa anamtunza, ila atie na majani kwenye utunzaji huo.

Basi tukarudi na dawa kidogo na maagizo mengi ya jikoni. Mama mkwe wake, Mama Silvesta, ndiye aliyepata njia. Alikitwanga na kukipika kisamvu nyumba ya jirani, mbali na pua ya Getrude, akakiunga kwa karanga zilizopondwa, maana mwuguzi alisema mboga ikikosa mafuta haimfai mtu sawasawa. Akakiacha kipoe kabisa ndipo akakileta, na ndimu pembeni. Majani ya kunde tuliyaanika kivulini, kwa kuwa jua kali huyaondolea nguvu. Silvesta naye alidamka kwenda machinjioni kungoja maini ya mbuzi. Mara ya kwanza Getrude alimeza amefumba macho. Mara ya pili akaomba chumvi. Nikajua tumeshinda.

Kabla sijarudi Lupaso tulikuwa tumekaa uani, jua limeshazama, mbingu ina rangi ya papai bivu. Getrude akasema taratibu, kama mtu anayezungumza usingizini, "Dada, una mvi moja hapo juu ya sikio." Mama mkwe akapiga kigelegele peke yake, majirani wakatoka kuuliza kuna nini.

Mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kike. Wanamwita Emilia. Wote wawili ni wazima.

Sasa, kaka, nikugeukie wewe. Katika barua yako uliandika kwa utani kwamba wifi, tangu apate mimba, hataki kitu ila chai na mkate, na kwamba jioni anakanyaga vyombo hata taa ikiwaka. Nilicheka niliposoma. Kisha nikaisoma tena, nikatafuta kalamu papo hapo.

Leo jua likizama, simama kimya mlangoni, umtazame anavyopita. Asipokuona, usimkemee wala usiogope. Kesho yake mpeleke hospitali, kisha upite sokoni. Na kisamvu kipike wewe, kaka. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache.

Msalimie sana wifi Ethel, na ndugu yetu Bartholomayo mkikutana. Mama anakubariki, Silvesta na Getrude wanakuamkia. Mungu awaangazie njia yenu, mchana na jioni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na ningojaye jibu upesi,

Dominika