Kisu Changu cha Springi

Mapera

Mjukuu wangu Skola,

Marahaba. Huku tupo, kahawa imeanikwa, na babu yako anashinda akigombana na kuku wanaoichakura.

Umeuliza kama mimi nami niliwahi kuchekwa, kama wanavyokucheka chuoni tangu geti ulilochomelea liachie kwenye maungio.

Nilichekwa sana. Baba yangu alikuwa mhunzi, akaniruhusu nifue kisu kwa springi ya lori. Nikaenda nacho kwenye kambi ya vijana wa parokia, Lituhi ziwani. Wavulana wakasema chuma alichofua msichana hakidumu. Nikakiweka juu ya gogo, nikakigonga mgongoni kwa jiwe ili kilipasue, wote wakitazama. Ncha ikakatika. Wakapiga makofi.

Sikukificha. Nilikaa palepale nikakinoa kwenye mwamba, nikapasua nacho samaki wa kambi nzima. Hakuna aliyekataa kula.

Kisu ni hikihiki ninachomenyea viazi, kifupi hivyohivyo.

Kwa hiyo geti lako usiende kulirudia nyuma ya karakana. Lichomelee palepale walipokucheka.

Bibi yako,
Agatha