Simba Asiye na Meli

Jeddah, 9 Februari 2025

Mama Velma mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Hindawiyah. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na joto la huku linanata mwilini kama uji. Wewe je, kikohozi kimeisha? Velma na nyanya yake huko nyumbani wako sawa, nilizungumza nao jana.

Sasa nikuulize. Hiyo ofisi yenu ya Olaya, huko Riyadh, ina mtu anayejua anachotaka? Kwanza mlisema nichonge mwanamke wa kukaa kwenye pua ya meli. Nikaanza. Mwenye hoteli itakapowekwa akasema mwanamke mafi, yaani hakuna, hataki kumwona, wekeni farasi. Nikaanza farasi. Jana Alfayo, dereva wenu, kaniletea karatasi nyingine: simba. Gogo limebaki nusu! Kwani mimi nachonga ama nakanda chapati?

Mchoro wako nimeuona. Una mistari mingi kuliko nywele za simba mwenyewe, nimeuweka kando. Mimi ni mtu wa Wamunyu, kwa wachongaji, Serah. Simba nimechonga tangu darasa la tano. Sihitaji kufundishwa simba, hata na mke wangu.

Ni mimi mumeo,
Baba Velma

Riyadh, 11 Februari 2025

Baba Velma,

Salamu zimefika. Kikohozi kimeisha, asante, sasa kinachoniuma ni kichwa, na aliyekiumiza ni wewe.

Uchukue huo mchoro hapo ulipouweka kando. Hiyo ni nusu ya meli, ya mbele, itasimama kwenye ukumbi wa hoteli ili watoto wa shule waone watu wa karne ya kumi na nane walizunguka dunia na chombo gani. Simba hakai, Nahashon. Simba analalia omo, yaani hiyo pua, chini ya ule mlingoti mrefu ulioinama kwenda mbele. Mgongo wake unachimbwa ndani ili ushike ubao wa meli. Kichwa kinainuliwa sana. Ukimtazama akiwa mezani utadhani amevunjika shingo, lakini akipanda pale atakuwa anatazama mbele. Na awe mwepesi. Pua nzito inazamisha meli kwenye mawimbi, ndiyo maana hata wao walitumia mbao nyepesi.

Unajua nilivyoipigania hiyo viza yako. Bosi amesema mbele ya watu: simba akikubaliwa, anakufanyia ikama, kibali cha kuishi huku, na unahamia karakana ya Riyadh. Tangu tuoane tumeishi kama majirani wa simu. Tafadhali, baba. Soma mchoro.

Mkeo,
Mama Velma

Jeddah, 2 Machi 2025

Mama Velma,

Natumai u mzima. Mimi sijui nikoje.

Simba alikwisha. Ameketi, kifua mbele, manyoya nimeyapasua na patasi unywele kwa unywele. Mafundi wa rangi waliacha brashi zao wakaja kupiga picha naye. Leo tumempandisha. Serah, anatazama sakafu! Yuko pale juu ameinama kama mtu aliyeangusha ufunguo. Na chini ya miguu ana kile kisahani cha duara tunachowachongea watalii, ili asimame kwenye meza. Sikukipanga. Mkono ulikichonga wenyewe, umezoea. Msimamizi amecheka mpaka akakaa chini.

Ungeandika kwa herufi kubwa: ASIKAE. Mistari, mistari, nani anasoma mistari? Bosi anakuja kuangalia baada ya Idi.

Mumeo aliyeaibika,
Baba Velma

Riyadh, 3 Machi 2025

Baba Velma,

Sina salamu. Kisahani! Jameni, kisahani! Ulitaka meli ikitikisika simba abaki wima kama yuko kabatini? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na usiniambie eti mkuu ni wewe. Nimekasirika, halafu nimecheka ofisini peke yangu, halafu nimekasirika tena kwa sababu nimecheka.

Alfayo analeta gogo lingine, la msonobari. Sasa kaa chini, weka mchoro magotini, usishike tezo kabla hujauelewa. Niulize swali lolote. Hata la kijinga. Hasa la kijinga.

Mkeo anayekungoja,
Mama Velma

Jeddah, 27 Machi 2025

Mama Velma wangu,

Hujambo mpenzi? Mimi sijambo kabisa, hata mgongo umenyamaza.

Nimeusoma mchoro wako mpaka nikauota. Nilimning'iniza simba kwa kamba darini, nikamchonga akiwa hewani, jambo ambalo hata marehemu baba hakuwahi kulifanya. Wiki nzima nilimwona mbaya. Shingo imepinda, mgongo umechimbwa, nikasema Serah ananiharibia jina. Leo tumempandisha. Nimesimama chini nikamtazama. Ukumbi mzima unaonekana unakwenda, na yeye ndiye anayeuvuta.

Ulikuwa sahihi. Haya, nimesema, usinitangazie kwa dada zako. Tafuta sufuria kubwa, nakuja Riyadh.

Mumeo,
Baba Velma

Riyadh, 13 Aprili 2025

Baba Velma,

Natumai u mzima. Umepiga simu mara nyingi, sikushika. Sikuweza. Soma mpaka mwisho.

Meli tuliyoiiga ilikuwa ya kubeba makaa ya mawe kabla ya kununuliwa kwa safari zile za mbali. Waliipendea tumbo pana na chini bapa: inabeba chakula kingi, na ikiumia unaiegesha ufukweni unaitengeneza. Pua yake ni butu. Haikuwa na sanamu yoyote. Nilimwambia bosi tangu mwanzo, akasema bila sanamu puani watu hawatapiga picha, chora. Nikachora, nikidhani simba ni pambo tu la hoteli. Sasa watu wa hoteli wameweka kibao ukutani: Hivi ndivyo ilivyokuwa. Na mtaalamu wao wa meli za kale ameniandikia mimi niliyechora, anauliza simba nimemtoa wapi.

Bosi alisimama nyuma ya kiti changu. Yalla, haya Serah, mwambie alikuwepo, tumalize. Nilikaa pale, mikono kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeshanunua mapazia, Nahashon. Nikaandika kwamba hakuwepo.

Simba anashushwa. Ikama hakuna, halas, imekwisha. Tiketi yako ya kurudi nyumbani inakatwa. Nitukane utakavyo, nitasoma yote.

Mkeo,
Mama Velma

Jeddah, 22 Aprili 2025

Mama Velma,

Kila nilichokuandikia kilikuwa matusi, nikakifuta.

Simba nimemshusha mwenyewe. Hawa wangemvunja masikio. Ukumbi sasa una pua butu kama ya bondia, na kusema kweli ndiyo inayofaa tumbo lile. Hilo limenikasirisha zaidi.

Ungeniuliza kwanza! Kwani mimi ni nani, fundi wa kukodi? Ungeniuliza ningekwambia sema alikuwepo, sema alikuwa na simba wawili na chui. Najua ndiyo maana hukuniuliza. Halafu nimejiona niko huko Riyadh, naingia chumbani jioni, na wewe kila ukinitazama unamwona yule simba. Usingelala. Nakujua, ukikosea chumvi tu huwezi kulala.

Lakini nimekasirika, Serah. Ndege ni Ijumaa jioni, kutoka hapa hapa Jeddah, kwa hiyo hata kwaheri hakuna. Nitamwambia Velma mama yake ni mzima.

Bado mumeo,
Baba Velma

Kwenye basi, 23 Aprili 2025

Mume wangu,

Sijui utaipata saa ngapi, mtandao unakatika huku jangwani. Bosi alininyima ruhusa, nikachukua mkoba nikaondoka. Tutaonana naye nikirudi, kama kiti changu bado kipo.

Nafika Jeddah kesho asubuhi. Usinunue kitu, usisafishe chumba. Njoo kituoni ukiwa umenuna hivyo hivyo. Tuna siku nzima na usiku wake kabla ya ndege, na yote uliyoyafuta nataka uniambie tena, nikiwa nimekaa mbele yako.

Mkeo,
Serah