Nilimwacha Mwanangu Anishikie Foleni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku yangu ya hukumu, na gazeti likichelewa utakuwa unamshauri marehemu. Mimi ni fundi rangi, nina mke mmoja na binti mmoja wa miaka minne na nusu ambaye nyumbani tunamwita Kasuku, kwa sababu jambo likimwingia sikioni halina budi kutokea mdomoni. Msimu wa mvua hakuna anayepaka rangi nyumba, kwa hiyo mimi niko nyumbani, na mke wangu, baada ya kukaa miaka minne akilea, amepata kazi kwenye karakana ya kushona sare za shule, huu ni mwezi wa tatu, na anaipenda kazi hiyo mpaka anaimba akipiga pasi nguo za kwendea. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba Kasuku, utamweza huyu?" Nikamjibu, "Mama, mimi napanda ngazi hadi ghorofa ya nne na ndoo mkononi, nitashindwa na mtoto?" Akaniambia mtoto asinitoke machoni, na kwamba siku akipata hata mchubuko kwa uzembe wangu, kazi anaiacha siku hiyohiyo. Akaenda zake.

Sasa Jumatatu ijayo mtoto anatakiwa kuandikishwa shule, na shule wanataka cheti cha kuzaliwa, na cheti hatujawahi kukichukua kwa sababu kila mwaka tulisema mwakani, kwa hiyo Jumanne iliyopita nikamvalisha Kasuku gauni lake la njano tukaenda ofisi ya vyeti. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikafuata ukuta, ikakata kona kwenye bomba la maji, na unajua mwenyewe watu wanavyoshika nafasi, huyu anaacha mfuko, yule anaacha ndala moja, mwingine anaweka jiwe na kuwatangazia wenzake kwamba jiwe hili ni mimi. Tulisimama pale bombani saa nzima tukasogea hatua sita. Ng'ambo ya barabara kuna fundi viatu, na kwa fundi viatu kuna drafti, na kwenye drafti alikuwa ameketi mpiga picha mmoja ambaye wiki iliyotangulia alinifunga mara tatu mfululizo mbele za watu, naye akaniona, akainua kete moja juu akanionyesha.

Nikapiga hesabu za haraka. Ndala husukumwa kwa mguu, mfuko husogezwa, jiwe halina mtetezi, lakini ni nani atakayemsukuma mtoto? Nikainama nikamwambia, "Mama, simama hapa, usiondoke hata iweje, wenzako wakisogea nawe sogea, na mtu akitaka kupita mbele yako mwambie apange nyuma. Baba anakuja sasa hivi." Na Mungu ni shahidi, nilikusudia kuja sasa hivi. Nikavuka, nikavua kiatu kimoja kwa fundi ili nionekane nimekuja kwa shughuli, nikaketi, na mchezo wa kwanza nikashinda, sasa niambie Mama Mkubwa, ni mwanaume gani anayeinuka akiwa ameshinda mmoja tu?

Nilipoinua kichwa, pale bombani hapakuwa na mtoto. Kumbe walikuwa wamefungua dirisha la pili, foleni ikakimbia, na watu walipomwona kitoto kimesimama peke yake wakakihurumia, mmoja akakisogeza mbele, mwingine akakisogeza mbele, hadi kikafika dirishani kabla ya watu waliokuja alfajiri. Mimi hayo sikuyajua. Nilivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, nikimwita jina lake halisi, lile tunalolitumia kwa daktari tu. Sijawahi kuogopa hivyo maishani mwangu, hata siku ile ngazi ilipovunjika nikiwa juu yake.

Nikamkuta ndani, upande wa makarani, amekalishwa juu ya meza, ameshika muhuri anagonga karatasi chakavu, gauni limelowa kwa sababu alibanwa na haja ndogo akakataa katakata kutoka kwenye foleni, na karani, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, anamuuliza habari za nyumbani naye anazitoa zote, kwamba baba hulala mchana, kwamba baba hufagia uchafu kuuingiza chini ya kitanda, kwamba baba husema chakula cha mama mkwe hakina chumvi. Nikasema, "Samahani mama, huyo ni mwanangu." Karani akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu mtupu, akauliza, "Una kitu chochote kinachoonyesha kwamba ni wako?" Nikasema, "Mama, ndicho nilichokuja kuchukua." Ofisi nzima ikacheka. Karani hakucheka. Akamgeukia mtoto, "Unamjua huyu?" Na Kasuku, mtoto mtiifu, akanitazama usoni akasema, "Apange nyuma."

Ningekuwa bado niko pale hadi leo kama muuza maziwa wa mtaani kwetu asingekuwa kwenye foleni akanitolea ushahidi. Wakanipa daftari nitie sahihi, na kwa kuwa ofisi ile ina daftari moja tu la vitu vilivyookotwa, mwanangu ameandikwa humo, chini ya mwavuli mweusi na juu ya meno ya bandia. Cheti kiko tayari nimekiona kwa macho yangu, lakini karani amekitia kwenye droo na kusema atampa mama mtoto tu, mkononi, Ijumaa, na kitambulisho chake, kwa sababu anataka kuzungumza naye, na asipofika ataandika barua kwa ustawi wa jamii.

Mke wangu hajui lolote. Nimemwambia cheti kinachapwa. Lakini Kasuku tangu siku ile anacheza foleni nyumba nzima, amepanga viatu, sufuria na mito ya kochi, na juzi mama yake alitaka kuingia bafuni akaambiwa apange nyuma ya ndoo. Akaniuliza, "Mtoto amejifunza wapi haya?" Nikasema kwenye runinga. Na kwa kuwa nimeshaanza kusema ukweli acha niumalize, hiyo haikuwa mara ya kwanza, nilishawahi kumwacha kwa kinyozi nikaenda kununua brashi, na mara moja kwenye duka la samani, akalala kwenye kitanda cha maonyesho, mteja akauliza kama mtoto anauzwa pamoja na kitanda.

Sasa dada yangu, ambaye akijifunga kilemba na ukimtazama upesi anafanana na mke wangu, amekubali kwenda Ijumaa na kitambulisho cha wifi yake, awe mama kwa nusu saa tu. Je, Mama Mkubwa, dada aende, mambo yaishe kimyakimya na mke wangu abaki na kazi yake anayoipenda? Au niseme, nimwone akiiacha kwa ajili yangu? Mimi nanyamaza kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Nisaidie.

Baba Kasuku

*

Baba Kasuku,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akatoka chumbani kwake kuja kuangalia. Mara ya pili sikucheka, na nitakuambia ni kwa nini.

Kati ya muhuri na miwani ya karani umeandika kwamba gauni la mtoto lilikuwa limelowa, ukapita mbio kama mtu anayeeleza rangi ya mlango. Rudi hapo usome tena. Mtoto wa miaka minne na nusu alibanwa, mbele yake wageni, nyuma yake wageni, na hakutoka kwa sababu wewe ulimwambia asiondoke hata iweje. Hakujua "sasa hivi" yako ina urefu gani. Wewe ulikuwa unajua, maana ulikuwa unacheza mchezo wa pili.

Waliomsogeza mbele walikuwa watu wema, nami nawashukuru kwa niaba yako kwa sababu sioni mahali ulipowashukuru. Lakini hukuwachagua wewe. Mtu mmoja mbaya katika foleni ile angemshika mkono akamwambia, "Njoo, baba yako anakuita," na huyo mtoto wako mtiifu angekwenda. Jiwe likipotea, mtu huokota jingine.

Pole nakupa pia, maana hujakosa haki yako ya pole. Mvua inanyesha, kazi hakuna, mwanaume anashinda nyumbani anasuka nywele za mwanasesere, na nusu saa ya drafti inamrudishia heshima yake kidogo. Naelewa. Hata mimi ninayekufokea nililea watoto watano, na mmoja nilimsahau kwa mshonaji, sikugundua mpaka nilipopakua chakula na sahani moja ikabaki haina mwenyewe. Ana mvi sasa, na kila tukigombana hunikumbusha. Kwa hiyo sikuhukumu kama mtu asiyewahi kukosea. Nakuhukumu kama mtu aliyekosea mara moja akakoma, na wewe umeshafika mara ya tatu, nikihesabu zile tu ulizokiri.

Dada yako asiende. Mnataka kwenda kwenye dirisha linaloandika nani ni mama wa nani, mkadanganye kuhusu nani ni mama wa nani? Na karani yule si mjinga. Atamuuliza Kasuku, "Huyu ni nani?" na Kasuku atamwambia ni shangazi, ataeleza pia kilemba ni cha nani na kimefungwa saa ngapi. Mtakwenda pale mna kosa moja la uzembe, mtatoka mna kesi. Mwambie dada yako ahsante, na kitambulisho cha mkeo ukirudishe ulikokitoa.

Unasema unanyamaza ili kuilinda kazi ya mkeo. Baba, jua halifunikwi kwa ungo. Unamwogopa mkeo, na hapo sikulaumu, hata mimi nimeanza kumwogopa na simjui. Lakini usiitumie kazi yake kama pazia la kujifichia. Kazi ni yake, mtoto ni wake, na uamuzi wa kufanya nini akishasikia habari hii ni wake pia. Wewe umemfanyia uamuzi huo kisirisiri halafu unataka nikuite mume mwema. Na siri yenyewe haina maisha marefu. Mtoto anampangisha mama yake nyuma ya ndoo. Unadhani mama huyo ataendelea kuilaumu runinga mpaka lini? Akiipata habari kwa mtoto, atakuwa na makosa mawili ya kukusamehe, kumwacha mtoto na kumficha yeye. Kosa la kwanza huenda akaliweza. La pili sina hakika.

Basi fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Alhamisi. Mkeo akirudi mwache avue viatu, ale, anywe maji. Hakikisha hana pasi mkononi. Usianze na urefu wa foleni, usianze na mpiga picha, wala usimtaje aliyeinua kete. Anza na kosa lako: "Nilimwacha mtoto peke yake kwenye foleni, na si mara ya kwanza." Kisha nyamaza umpe nafasi. Atapaza sauti, mwache apaze. Kila neno "lakini" litakapokujia mdomoni, limeze. Mwambie na ya kinyozi na ya duka la samani, maana ukibakiza moja Kasuku ataimalizia.

Ijumaa mkeo aombe ruhusa ya asubuhi, mwende wote watatu. Karani akitaka kuzungumza naye faragha, wewe kaa nje na usitege sikio. Mtoto akibanwa, toeni mguu nje ya foleni mumpeleke chooni, mkirudi mpange upya, hata kama mlikuwa wa pili kutoka dirishani. Drafti sikukatazi. Mwombe fundi viatu aongeze kigoda kimoja karibu yako, Kasuku akae hapo akikuona nawe ukimwona, na siku usiyoweza kumchunga yeye na kete kwa pamoja, acha mpiga picha ashinde.

Halafu mwombe mtoto radhi. Usimwambie kwa mafumbo, umri wake hauyataki. Mwambie alisimama vizuri sana, baba ndiye aliyekosea kuondoka, na siku nyingine akibanwa au akiogopa aondoke mahali popote, hata kama ni baba aliyemweka hapo, amtafute mama mwenye mtoto au mtu anayefanya kazi mahali hapo.

Na mkeo akisema anaiacha kazi, usiitikie sawa, na usitoe viapo, maana viapo vyako havina soko nyumbani kwenu kwa sasa. Mwambie, "Kesho nenda kazini, mimi nitajifunza kumlea." Kisha ujifunze.

Mama Mkubwa